Wanaposema Wameelewa

Kuna swali fupi ambalo walimu wengi huliuliza mwishoni mwa maelezo, nami nimeliuliza mara zisizo na idadi: "Tuko pamoja?" Ukumbi mzima huitikia ndiyo, baadhi kwa sauti na wengine kwa kichwa, kisha mwalimu hufuta ubao na kuendelea na kipengele kinachofuata. Huu ni mwaka wangu wa nne tangu nianze kufundisha fizikia kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, na ninaweza kusema bila kusita kwamba hakuna jibu lililonipotosha katika kazi hii kuliko ndiyo hiyo. Wanafunzi hawaitoi kwa hila. Wengi wao wanaamini kweli kwamba wameelewa, kwa sababu wamefuata kila mstari nilioandika na hawakuona mahali pa kukwama. Nami niliamini vivyo hivyo, kwa sababu hiyohiyo.

Nilipokabidhiwa kozi yangu ya kwanza, iliyohusu mwendo na kani, yaani nguvu zinazosukuma au kuvuta vitu, nilikuwa na umri wa miaka 31, na katika safu za nyuma walikaa watu wazima walionizidi umri, waliorudi masomoni baada ya miaka kadhaa ya kazi. Sikuwa na mvi wala sauti nzito ya kunitetea. Nilichokuwa nacho ni matayarisho. Kwa kila saa moja ya mhadhara nilitumia saa nne au tano nikipanga hatua za kila uthibitisho, nikichagua mifano, na kujibu kichwani maswali yote ambayo mtu angeweza kunitega nayo. Mhadhara ulipokamilika haukuwa na ufa hata mmoja ambamo swali lingeweza kupenya, na leo ninapoukumbuka naona wazi kwamba unadhifu ule haukuwa kwa ajili ya wanafunzi. Ulikuwa ngao yangu. Profesa kijana huogopa sana kukutwa hajui jambo, na hofu hiyo humfanya aeleze haraka, aeleze mengi, na asimwachie mtu nafasi.

Mwanafunzi aliyenifumbua macho alikuja ofisini kwangu mwishoni mwa muhula huo wa kwanza, akiwa na karatasi yake ya mtihani. Alikuwa miongoni mwa waliopata alama za juu kabisa, na hakuja kulalamika. Alitaka tu kujua kwa nini alikatwa alama 2 katika swali moja la maelezo. Swali lenyewe lilikuwa hili: lori lililosheheni mzigo linagongana uso kwa uso na gari dogo, ni lipi kati ya hayo mawili linalolisukuma jingine kwa kani kubwa zaidi? Alikuwa ameandika kwamba ni lori. Juu ya jibu hilo, katika ukurasa uleule, alikuwa amekokotoa kasi ya magari hayo baada ya mgongano, hesabu ndefu ya hatua saba, na jibu lake lilikuwa sahihi hadi nafasi mbili za desimali.

Nikamweleza. Kanuni ya tatu ya Newton inasema kwamba kani hizo mbili hulingana kwa ukubwa na huelekea pande zinazopingana. Gari dogo ndilo linaloumia zaidi kwa sababu masi yake, yaani kiasi cha maada kilichomo, ni ndogo, na kani ileile huipa masi ndogo mchapuko mkubwa zaidi, yaani huibadilisha kasi yake haraka zaidi. Akaitikia kwa kichwa. Maneno hayo alikwisha kuyasikia darasani, na alikuwa nayo daftarini kwa mwandiko mzuri. Kwa bahati tu, maana sikuwa na desturi hiyo, nilimpa kalamu nikamwomba anichoree mgongano na kuonyesha kani kwa mishale. Alichora kisanduku kikubwa na kisanduku kidogo. Akachora mshale wa kani inayotoka kwenye lori, mrefu, kisha ule wa gari, nusu ya urefu wa kwanza. Akasita. Akaukata ule mfupi, akachora mwingine uliolingana na mrefu, kisha akainua macho. Hakuutazama tena mchoro. Alinitazama mimi usoni, aone kama amepatia.

Sijausahau mtazamo ule. Kwa muhula mzima yule kijana alikuwa amebeba fizikia mbili: moja ya mtihani, iliyojua kukokotoa, na nyingine ya kwake mwenyewe, aliyokuja nayo chuoni, ambayo hakuna mhadhara wangu hata mmoja uliowahi kuigusa. Nilichokuwa nimemfundisha kwa uhakika ni kuusoma uso wangu.

Baadaye nilitambua kwamba wengine walikwisha kupita njia hii. Mwaka 1985 Ibrahim Halloun na David Hestenes, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona nchini Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililouliza mambo ya msingi kuhusu mwendo na kani kwa lugha ya kawaida, bila hesabu, wakaonyesha kwamba kozi ya kawaida ya fizikia hubadilisha kidogo sana imani ambazo wanafunzi huingia nazo darasani, hata mwalimu awe hodari namna gani. Eric Mazur, aliyekuwa akifundisha fizikia Harvard na kusifiwa na wanafunzi wake, alisoma matokeo hayo akiwa na hakika kwamba darasa lake halihusiki. Alipowapa jaribio hilo, mmoja wao alimuuliza kama ajibu kwa namna walivyofundishwa au kwa namna yeye mwenyewe anavyoyafikiria mambo hayo. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka ile mishale miwili. Mwanafunzi wa Harvard alikuwa na ujasiri wa kukiuliza kwa kinywa kile ambacho wangu alikiuliza kwa macho.

Kwa nini sisi tunaojua tunashindwa kuona jambo hili likitokea mbele yetu? Jibu lililoniridhisha zaidi halikutoka katika fizikia. Mwaka 1990 Elizabeth Newton, alipokuwa akifanya utafiti wake wa uzamivu Stanford, aliwapanga watu wawili wawili, mmoja agonge mezani kwa kidole mdundo wa wimbo unaojulikana na mwenzake autambue. Wagongaji walitabiri kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilizogongwa, zilizotambuliwa zilikuwa 3. Anayegonga husikia wimbo mzima kichwani mwake, maneno na ala zake, na hawezi kujizuia kuusikia. Anayesikiliza husikia kidole kikigonga ubao. Ndivyo nilivyokuwa mbele ya darasa, nikigonga na kushangaa kwamba wao hawaimbi. Wazee walisema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na mimi nilikuwa nimesahau kabisa kwamba niliwahi kuwa huyo chungu, kwamba usawa wa kani hizo mbili, ambao sasa nauandika kwa mstari mmoja, uliwachukua wanadamu karne nyingi kuutamka.

Jambo la kwanza nililolibadilisha lilikuwa dogo sana, nalo lilikuwa gumu kuliko yote yaliyofuata: kunyamaza baada ya kuuliza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyerekodi vipindi vingi vya sayansi shuleni, alieleza katika miaka ya 1970 kwamba mwalimu kwa kawaida husubiri takriban sekunde 1 tu kabla ya kulirudia swali, kumwita mtu mwingine au kulijibu mwenyewe. Walimu walipozoezwa kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, waliokuwa kimya wakaanza kusema, na wanafunzi wakaanza kuuliza maswali yao wenyewe. Nilirekodi mhadhara wangu kwa simu ili nijipime, nikajikuta nikiuliza swali na kulijibu kwa pumzi moja. Sekunde 3 zinaonekana si kitu ukizisoma. Jaribu kuzikaa mbele ya watu 90 wanaokutazama, hali chaki iko mkononi na jibu liko mdomoni, na kila sehemu ya mwili wako inakusihi uliseme ili aibu hii ipite. Nilianza kuhesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Karibu sekunde ya tano ndipo mtu wa pembeni, ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake, alipofungua kinywa.

Kisha nikaanza kuleta maswali ya aina ile ya lori na gari, mawili au matatu katika kila kipindi, kwa utaratibu ambao Mazur aliuendeleza darasani kwake: kila mwanafunzi huchagua jibu lake akiwa peke yake, hugeuka kumshawishi jirani yake, kisha wote huchagua tena. Mimi huzunguka kati ya viti nikisikiliza. Nimejifunza mengi zaidi kuhusu wanafunzi katika dakika hizo chache kuliko katika marundo yote ya karatasi niliyoyasahihisha. Siku moja nilimkuta binti mmoja akibishana na mwenzake aliyeshikilia kwamba lori lazima lisukume zaidi. Hakumtajia Newton hata mara moja. Alimwambia aweke kiganja chake kwenye kiganja chake, kisha akasema, "Sasa nisukume, lakini hakikisha mimi sikusukumi." Yule mwenzake akasukuma, akahisi kiganja chake mwenyewe kikibonyea, akajaribu taratibu zaidi, akajaribu kwa nguvu, halafu akabaki ametulia, viganja vikiwa bado vimegusana. Mimi nilikuwa na shahada tatu na sikuwahi kuufikiria mfano huo. Binti aliufikiria kwa sababu alikuwa amelielewa jambo lenyewe wiki moja tu iliyopita na bado alikumbuka lilivyokuwa gumu.

Haikupokelewa kwa shangwe. Katika tathmini za mwisho wa muhula, ambazo kwa mwalimu asiye na mkataba wa kudumu si karatasi za kuchezea, watu kadhaa waliandika kwamba profesa hafundishi bali anawaachia wafundishane. Iliniuma, na kwa wiki mbili nilikuwa tayari kurudi kwenye mihadhara yangu ya zamani isiyo na ufa. Kilichonizuia ni utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard, ambao waliwagawa wanafunzi wa fizikia katika makundi mawili: moja likasikiliza mhadhara ulioandaliwa kwa ustadi, jingine likafanyia kazi maudhui yaleyale lenyewe kwa msaada wa mwalimu. Waliosikiliza waliona wamejifunza zaidi. Walioshughulika ndio waliofanya vizuri zaidi katika jaribio. Kufuata maelezo mazuri kunaleta hisia tamu ya kuelewa, na kuhangaika na swali kunaleta hisia chungu ya kutoelewa, hata pale uelewa unapojengeka kweli. Sasa kila mwanzo wa muhula ninawaeleza wanafunzi jambo hili waziwazi, kwamba kutakuwa na siku watakazotoka darasani wakiona wamepoteza muda, na kwamba ninawaomba wasiipime siku hiyo kwa hisia ile. Malalamiko hayajaisha, lakini yamepungua, na yaliyobaki mengi ni ya haki.

Darasa kubwa ni sehemu moja tu ya kazi. Sehemu inayonigusa zaidi, na ambayo hakuna aliyeniandaa kwayo, ni kuwasimamia wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaoandika ripoti za utafiti. Katika uzamivu unafundishwa kutafiti. Hakuna mahali unapofundishwa kumwacha mtu mwingine atafiti. Mwaka wangu wa pili nilipokea rasimu ya kwanza ya mwanafunzi mmoja aliyekuwa akipima msuguano wa nyuso mbalimbali, nikaisahihisha kwa bidii ambayo wakati ule niliionea fahari. Nilibadilisha sentensi, nikapanga upya aya, nikaandika pembeni hitimisho ambalo data zake zilistahili. Karatasi ilikuwa nyekundu toka juu hadi chini. Baada ya siku nne aliirudisha ikiwa imetekeleza kila neno nililoandika. Nilimuuliza kwa nini kipimo chake cha tatu kinatofautiana na vingine, jambo ambalo hitimisho lile lililitaja kwa ufasaha. Alifungua ukurasa, akaanza kunisomea sentensi yangu.

Nilitaka kumkasirikia, lakini kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimemnyang'anya kazi yake nikiamini kwamba namsaidia, na yeye, kwa heshima, alikuwa ameniachia. Siku hizi sigusi kalamu katika rasimu ya kwanza. Mwanafunzi hukaa mbele yangu, hufunika karatasi, kisha hunieleza kwa mdomo alichokifanya, alichotarajia kukiona na alichokiona, nami huuliza tu pale ninapopotea. Inachukua saa nzima, na kuna siku natamani kuandika sentensi tatu nimalize. Lakini mara nyingi sana katikati ya kueleza mtu hunyamaza ghafla na kusema, "Ngoja, hapa sina hakika," na tangu hapo ripoti huwa yake.

Kuhusu alama nina neno fupi tu. Ruth Butler alichapisha mwaka 1988 utafiti uliofanyika kwa wanafunzi wa shule nchini Israeli: waliopewa maoni peke yake waliendelea vizuri katika kazi iliyofuata, ilhali waliopewa maoni pamoja na alama walifanana zaidi na wale waliopewa alama tupu. Tarakimu humeza maneno. Siwezi kuziondoa alama, maana chuo kinazihitaji na wanafunzi wanazihitaji, lakini ninaweza kurudisha kazi ikiwa na maoni kwanza, na alama baada ya siku tatu. Mwanzoni walinifuata hadi mlangoni wakizidai. Sasa baadhi yao hunijia na swali kuhusu maoni kabla hawajaiona tarakimu.

Ukaribu wa umri nao una mambo yake. Kwa kuwa mimi si wa rika la wazazi wao, wanafunzi huniletea habari ambazo pengine wasingempelekea profesa mwenye miaka 60: ada iliyokwama, mgonjwa nyumbani, usingizi uliopotea, hofu kwamba walichagua kozi isiyo yao. Nimewahi kukosea pande zote mbili. Kuna niliyemjibu kikavu kwa kuogopa kuonekana rafiki, akaacha kuja, na hadi leo jina lake likitajwa nasikia uzito. Kuna niliyembeba kupita uwezo wangu, nikijifanya mshauri nasaha wakati sikusomea kazi hiyo, hali wenye ujuzi walikuwa jengo la pili. Ninachojitahidi kukifanya sasa ni kusikiliza hadi mwisho bila kutazama saa, kusema wazi kile ninachoweza na nisichoweza, na kumsindikiza kwa miguu yangu hadi kwa anayeweza. Ile safari ya dakika tano pamoja naye kwenye korido naamini inasaidia kuliko namba ya simu iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi. Umbali wa heshima unahitajika, kwa sababu kesho mimi huyohuyo nitasahihisha mtihani wake na lazima aamini kwamba nitausahihisha kama wa mtu yeyote. Lakini umbali na ubaridi ni vitu viwili, na nilichukua muda mrefu kuvitofautisha.

Saa zangu za ofisi zilikuwa karibu tupu kwa mihula miwili. Nilidhani hawana maswali. Mmoja wao ndiye aliyeniambia kwamba kubisha mlango uliofungwa, wenye jina na cheo, ili tu kusema hujaelewa, ni mlima. Nikahamishia saa hizo kwenye meza ya pembeni katika maktaba, ambako mtu anaweza kukaa karibu na kusikiliza swali la mwenzake kabla ya kuthubutu kutoa lake. Methali inasema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nasi walimu tunapenda kuinukuu kwa kuwalaumu wanafunzi. Nimeanza kujiuliza ni mara ngapi mpangilio wetu wenyewe ndio unaowafunga midomo.

Wiki iliyopita nilikuwa nikifundisha mwendo wa mzunguko, mada ambayo wengi hukwama kwa kudhani kwamba lazima kuwe na kani inayokisukuma kitu kutoka katikati kwenda nje. Niliandika mistari sita ubaoni, nikageuka, nikauliza kama kawaida, nikaanza kuhesabu vidole nyuma ya mgongo. Sauti za ndiyo zilisikika hapa na pale. Kisha mwanafunzi mmoja wa safu ya nne, ambaye tangu muhula uanze hakuwahi kusema neno mbele ya wenzake, akanyoosha mkono na kusema, "Profesa, tumekuwa pamoja hadi mstari wa tatu. Kuanzia hapo nanakili tu." Baadhi ya wenzake waligeuka kumtazama, na mmoja aliyekaa nyuma yake akasema polepole, "Mimi pia." Nikauacha ubao jinsi ulivyokuwa, nikampa chaki, nikamwomba aje atuonyeshe mstari wa tatu unavyoonekana kwake, kama angekuwa amekaa kwenye kiti cha gari linalokata kona. Alichora gari, akachora mtu ndani yake, akaweka mshale unaoelekea nje, kisha akatugeukia na kuanza kueleza ni nani, kwa maoni yake, anayemsukuma mtu huyo. Sikumwonyesha usoni kama amepatia au amekosa. Mkono wa pili ulikuwa umeshanyooshwa, na wa tatu. Mada haikuisha siku hiyo, na kesho tunaanzia pale pale alipouweka ule mshale.